James Chuma: Mnyapara aliyejua la kufanya safari ikikwama ugenini

Gari likizima ghafla ng'ambo ya Kasumulu, msafiri aliyetoka Tukuyu kwenda likizo Malawi ana maswali matatu ya haraka. Fundi yuko wapi? Kipuri kitatoka Karonga au kirudiwe Mbeya? Na giza likiingia, watoto watalala kwa nani?

Leo simu ipo, boda ipo, na kwa Mnyakyusa lugha ya upande wa pili si ngeni sana, maana Wangonde ni ndugu. Hata hivyo kukwama nje ya nchi kunamtoa mtu jasho. Hela ni nyingine, sheria ni nyingine, na humjui mtu.

Sasa rudi nyuma zaidi ya miaka 140. Hakuna gari, hakuna barabara, hakuna simu. Septemba 1879, msafara wa watu wapatao 150 uliteremka kutoka milima ya Ukinga na kufika kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Ni eneo ambalo baadaye lilikuwa sehemu ya wilaya ya Rungwe, kabla Kyela haijajitenga.

Msafara huo ulikuwa umepata pigo kubwa. Kiongozi wake alikuwa amefia njiani miezi mitatu tu nyuma. Aliyebaki juu yake alikuwa kijana Mskoti wa miaka 21, mgeni kabisa wa safari za bara.

Kwa nini haukusambaratika? Sehemu kubwa ya jibu ni mnyapara wake. Aliitwa James Chuma.

Mtoto wa kongwa

Chuma alikuwa Myao, aliyezaliwa karibu mwaka 1850 upande wa kusini wa Ziwa Nyasa. Akiwa bado mtoto alikamatwa na kuuzwa utumwani.

Julai 1861, kwenye nyanda za juu za mto Shire, katika Malawi ya leo, msururu wa watumwa ulikutana na kundi la Daktari David Livingstone na Askofu Charles Mackenzie. Waliokuwa wakiusimamia walikimbia. Makongwa yakakatwa shingoni mwa mateka, na watu 84 wakawa huru. Chuma alikuwa mmoja wao.

Alilelewa kwenye kituo cha misheni cha Magomero, na huko alishuhudia mapema jinsi safari inavyoweza kuharibika kwa jambo dogo tu. Januari 1862 mtumbwi wa Askofu Mackenzie ulipinduka na dawa zote za homa zikapotea majini. Askofu aliugua na kufariki kabla mwezi haujaisha.

Kwa watu wa misheni lilikuwa somo gumu. Mzigo mmoja ukipotea, mtu mzima anaweza kupotea nao.

Meli iliyozimikia baharini

Mwaka 1864 Livingstone aliamua kuuza meli yake ndogo ya mvuke, Lady Nyassa. Aliinunua kwa pesa zake mwenyewe ili ifanye kazi ziwani, lakini mpango ukashindikana. Akaona bora aivushe hadi Bombay, India, akatafute mnunuzi huko.

Ilikuwa safari ya kilomita zipatazo 4,000 kwa chombo ambacho hakikujengwa kwa bahari kuu. Mabaharia wake wengi walikuwa watu wa Zambezi ambao bahari yenyewe ilikuwa mpya kwao. Ndani yake walikuwemo vijana wawili wa Kiyao, Chuma na mwenzake Wikatani.

Waliondoka Zanzibar tarehe 30 Aprili. Makaa ya mawe waliyobeba hayakutosha safari nzima, hivyo walitegemea matanga. Basi upepo ukafa. Kwa zaidi ya wiki tatu meli ilikaa karibu palepale, bahari imetulia kama maji ya kwenye beseni.

Mbaya zaidi, msimu wa dhoruba za kusi ulikuwa unakaribia. Kuwasha mashine ovyo kungemaliza makaa. Kutofanya kitu kungewaleta kwenye dhoruba. Waliyatumia makaa kwa kubana, wakasubiri, na mara kidogo upepo ulipokuja wakautumia. Waliingia Bombay tarehe 13 Juni, siku 44 baada ya kuondoka.

Chuma aliachwa huko shuleni. Mwaka 1865 alibatizwa, ndipo akapata jina la James.

Ngamia walipokwisha

Mwaka 1866 Livingstone alirudi Afrika Mashariki kutafuta chanzo cha mto Nile, akamchukua Chuma. Safari hii alikuja na usafiri ambao wenyeji wa Mikindani walikuwa hawajauzoea. Alileta ngamia sita, nyati wa kufugwa kutoka India, nyumbu na punda.

Alitaka kujua kama wanyama hao wangehimili mbung'o. Kwa lugha ya leo, alikuwa anajaribisha aina mpya ya gari kwenye barabara mbaya.

Jaribio lilishindwa. Wanyama waliumwa na mbung'o, wakapigwa na kubebeshwa kupita kiasi na walinzi wao, wakafa mmoja mmoja kando ya mto Ruvuma. Mizigo yote ikahamia vichwani mwa watu.

Na watu nao wakaanza kupungua. Askari wa Kihindi walirudishwa pwani. Wikatani alikuta ndugu zake karibu na Ziwa Nyasa akabaki. Watu wa Anjouan chini ya Musa walitoroka, wakafika Zanzibar na kueneza habari ya uongo kwamba Livingstone ameuawa. Januari 1867 watoro wengine waliondoka na sanduku la dawa.

Kati ya watu zaidi ya 30 walioanza safari, wachache sana ndio walioendelea hadi mwisho. Chuma alikuwemo, pamoja na Abdullah Susi wa Shupanga.

Lakini asichorwe kama malaika. Mwaka 1868 wakiwa karibu na kwa Kazembe, Chuma na Susi nao waligoma. Walichoka, na Livingstone alitaka kuendelea na njia ambayo wengi waliona ni ya kujiua. Mzee aliondoka na watu wachache. Baadaye wakapatana na akawapokea tena.

Chitambo, 1873

Pigo kubwa lilikuja tarehe 1 Mei 1873. Livingstone alifariki kwenye kibanda katika kijiji cha Mtemi Chitambo, kusini mwa Ziwa Bangweulu, kwenye Zambia ya leo.

Watu wapatao 60, wanaume na wanawake, walikuwa katikati ya bara, kilomita zaidi ya 1,500 kutoka pwani, na aliyewaajiri amekufa. Hakuna wa kuwalipa. Hakuna wa kuwaandikia barua ya utambulisho. Na katika nchi nyingi, msafara wenye maiti ulionekana kubeba nuksi.

Walichofanya saa za kwanza ndicho kinachofaa kukumbukwa na yeyote aliyewahi kukwama njiani.

Kwanza, walikaa pamoja wakakubaliana nani ataongoza. Wakawachagua Susi na Chuma.

Pili, walifungua masanduku ya marehemu mbele ya watu wote, na Jacob Wainwright, aliyejua kuandika vizuri, akaorodhesha kila kilichokuwemo. Hakuna ambaye angesema baadaye kitu fulani kimeliwa na fulani.

Tatu, ilibidi kuzungumza na mwenyeji. Hapa walianza vibaya. Chuma alikwenda kwa Chitambo kuomba eneo la kujenga nje ya kijiji, lakini hakumwambia kuhusu kifo, kwa hofu ya kutozwa faini kubwa. Habari zikavuja. Chitambo akaja mwenyewe, akashangaa kwa nini wamemficha, maana hakuwa na nia mbaya. Baada ya hapo aliwasaidia, na aliomboleza nao.

Waliuzika moyo chini ya mti, wakaupaka mwili chumvi na kuukausha juani kwa siku 14, wakaufunga kwa kitambaa, gome la mti na turubai. Kisha wakaubeba.

Siku chache tu baada ya kuanza, karibu kundi zima liliugua na wakalazimika kusimama kwa takriban mwezi mmoja. Susi alikuwa hoi. Mbele zaidi walipigana na watu wa kijiji cha Chawende, na damu ikamwagika. Haikuwa safari safi.

Walipofika karibu na Tabora walikutana na Luteni Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Yeye aliwashauri wauzike mwili hapohapo, maana njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Walikataa.

Baadaye, wenyeji wa njiani walipokataa maiti ipite, walitumia akili. Walitengeneza furushi la mabua na nyasi, wakalifunga kama maiti na kuwatuma watu walirudishe nyuma. Maiti yenyewe ilifungwa upya ionekane kama mtumba wa nguo, ikaendelea na safari.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili Livingstone alizikwa London, Westminster Abbey. Chuma na Susi hawakuwepo mazishini. Walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huohuo, wakamsaidia Horace Waller kupanga shajara za mwisho za Livingstone, na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ikawapa nishani.

Kisha wakarudi Zanzibar, kila mtu akatafute riziki.

Mtu wa kukodiwa

Zanzibar ya miaka hiyo, mtu aliyeweza kuongoza msafara alikuwa na soko kama dereva mzuri wa masafa marefu leo. Chuma alijua Kiyao, Kiswahili, Kiingereza na lugha nyingine kadhaa za bara. Alijua bei ya posho. Alijua nguo na shanga zipi zinapendwa wapi. Alijua hongo ya kupita kwa mtemi inajadiliwaje bila kugombana.

Mwaka 1875 alisafiri na Edward Steere wa misheni ya UMCA kutoka Lindi hadi kwa Mataka, mtemi mkubwa wa Wayao. Hiyo ndiyo njia ya kazi iliyozaa kituo cha Masasi mwaka uliofuata.

Kazi ya mnyapara haikuwa kutembea mbele na bendera tu. Alikuwa anaajiri wapagazi, anagawa mizigo, anatoa posho, anaamua kesi za kambini, na kuhakikisha anayeugua hasahauliki porini. Mzigo mmoja ulikuwa na uzito wa takriban kilo 30. Mpagazi akiona anaonewa, aliutua chini usiku na kutoroka, na hapo msafara ulikuwa umepata pancha.

Behobeho: kiongozi anakufa tena

Mwaka 1879 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilimtuma Keith Johnston, mchoraji ramani, atafute njia kutoka Dar es Salaam hadi Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Msaidizi wake alikuwa Joseph Thomson, kijana aliyesomea jiolojia Edinburgh. Chuma akachukuliwa kuwa mnyapara mkuu.

Waliondoka Dar es Salaam tarehe 19 Mei. Wiki chache baadaye Johnston alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Alibebwa kwenye machela, lakini hakupona. Alifariki tarehe 28 Juni huko Behobeho, karibu na Rufiji, katika eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Akazikwa hapo.

Kwa Thomson ulikuwa mtihani wa kwanza. Kwa Chuma ilikuwa mara ya pili. Miaka sita nyuma alikuwa amesimama mbele ya kaburi la namna hiyohiyo, na watu wa namna hiyohiyo wakiangaliana kujua nani atasema neno.

Uamuzi wa kuendelea ulikuwa wa Thomson. Lakini uamuzi wa kijana mmoja haubebi mizigo ya watu 150. Kama Chuma angetikisa kichwa, au angekaa kimya tu, wapagazi wangekuwa Dar es Salaam ndani ya mwezi. Hakufanya hivyo. Nidhamu ilibaki, posho iliendelea kugawiwa, na msafara ukaondoka Behobeho ukielekea kusini magharibi.

Walipita Mahenge, wakapanda nyanda za Uhehe na Ubena, wakaingia kwenye baridi ya Ukinga. Wapagazi wa pwani hawakuwa na nguo za baridi ile. Yeyote aliyelala Kitulo au Makete mwezi Julai anaelewa.

Kuteremkia kwa Wanyakyusa

Septemba walifika ukingoni mwa milima na kuliona ziwa chini yao. Wakateremka hadi uwanda ambao wageni wa wakati ule waliuita Konde.

Mji wa Tukuyu haukuwepo. Wamisionari Wajerumani, Wamoravian na wale wa Berlin, wangefika mwaka 1891, miaka 12 baadaye. Kilichokuwepo ni migomba, ng'ombe, nyumba za mianzi zilizojengwa kwa ustadi, na nyuma yake Mlima Rungwe wenye urefu wa karibu mita 3,000.

Thomson alivutiwa sana. Katika kitabu chake cha mwaka 1881 aliisifu nchi ile kwa usafi wa vijiji na uzuri wa mashamba ya migomba kuliko sehemu nyingi alizopita.

Lakini sifa hizo zisifiche ukweli mmoja. Watu 150 wenye bunduki wanaoteremka mlimani bila taarifa ni tishio kwa kijiji chochote. Hawa wageni wanakuja kununua chakula au kuchukua watu? Miaka hiyo biashara ya utumwa ilikuwa bado inazunguka pande zote za Ziwa Nyasa, na swali hilo lilikuwa la haki.

Hapa ndipo kazi ya mnyapara inapoonekana. Kabla ya kambi kujengwa, lazima mtu atangulie kusalimia. Chakula kinunuliwe, kisinyang'anywe. Mpagazi asiguse mgomba wa mtu. Mtemi ajue wageni ni akina nani, wanatoka wapi, wanaondoka lini. Chuma alijifunza kwa Chitambo kwamba kumficha mwenyeji jambo hakusaidii.

Msafara ulipumzika, ukajaza chakula, ukapanda tena kuelekea magharibi kupitia nchi ya Wanyiha. Mwanzoni mwa Novemba 1879 ulifika kusini mwa Ziwa Tanganyika.

Thomson alichukua watu wapatao 30 akaenda kuangalia mto Lukuga, upande wa Kongo. Kundi kubwa lililobaki aliliacha mikononi mwa Chuma. Kumwachia mtu kambi nzima, na bidhaa zote za kulipia safari ya kurudi, ni kama kumwachia ufunguo wa gari na pochi kwa pamoja.

Alipowarudia, msafara ulikuwepo. Wakarudi kupitia kaskazini, wakaliona Ziwa Rukwa, wakapita Tabora, na Julai 1880 wakaingia Bagamoyo. Karibu wapagazi wote walirudi wakiwa hai, na safari nzima ilipita bila vita. Kwa safari za wakati ule, hilo lilikuwa jambo la nadra.

Mwisho wake

Chuma hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Aliugua kifua kikuu, akafariki Zanzibar mwaka 1882. Alikuwa na miaka 32 hivi. Rafiki yake Susi alimzidi miaka tisa, akiendelea na kazi za misafara, hadi alipofariki mwaka 1891.

Majina ya waliowaajiri yalibaki ramanini na vitabuni. Thomson alipewa hata swala: swala tomi wa Serengeti anabeba jina lake.

Na kutoka Kyela au Matema, anayeinua macho mashariki anaona ukuta wa Milima ya Livingstone. Livingstone mwenyewe hakuwahi kufika huko. Safari zake za Ziwa Nyasa ziliishia mbali kusini. Chuma ndiye aliyepita kwenye nyanda zile, mwaka 1879, akiwahimiza wapagazi waliokuwa wanatetemeka kwa baridi.

Maisha yake yalikuwa na safari nne zilizokwama: meli bila upepo, wanyama waliokufa, mwajiri aliyefariki Chitambo, na kiongozi aliyefariki Behobeho. Hakuwa na kipuri cha kuagiza hata mara moja. Alichokuwa nacho ni lugha, hesabu ya mizigo iliyowekwa wazi, na heshima kwa mwenye nchi.

Hivyo vitatu bado vinamfaa msafiri wa Tukuyu ambaye gari limemzimikia Karonga saa kumi na mbili jioni. Kabla ya kufungua boneti, asalimie kwanza nyumba ya jirani.